Mtu akikuambia "nina uhakika asilimia mia", huo uhakika unatoka wapi?

Likitokea tukio lolote, iwe ajali, wizi au goli lililokataliwa, hakosekani mtu wa kusema "mimi nimeona kwa macho yangu haya mawili" na hapo mjadala unaisha, anayeendelea kuuliza anaonekana mbishi tu. Halafu akija mwingine akasema "nadhani ni yeye, sina hakika sana" tunamtilia shaka, tunasema huyu anaficha kitu au ameshatishwa. Tatizo ni kwamba tunachanganya mambo matatu tofauti, yaani kuona, kukumbuka na kuwa na uhakika, tunayafanya kitu kimoja, na mchanganyo huo umeshapeleka watu jela kwa makosa ambayo hawakuyafanya. Wanasaikolojia wamelifanyia kazi hili kwa zaidi ya miaka 100 na walichokipata kinaeleweka vizuri kabisa ukikifuata taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Uamuzi wa hisi ni pale ubongo unapochagua jibu kutokana na kilicholetwa na macho, masikio au ngozi: ni yeye au sio yeye, kumelia au hakujalia, mzigo huu ni mzito kuliko ule au hapana. Kumbukumbu ni kile kilichobaki kichwani baada ya tukio kupita. Uhakika ni maksi ambazo ubongo unajipa wenyewe kwa jibu lake, yaani "hapa nimepatia kwa kiasi gani". Na modeli, neno ambalo utalikuta sana kwenye mambo haya, ni maelezo yaliyopunguzwa mpaka yakawa hesabu, ukiingiza namba yanakutabiria watu watajibu nini, baada ya muda gani na wakiwa na uhakika kiasi gani, halafu unakwenda kupima kwa watu wenyewe uone kama imetabiri sawa.

Sasa chukua hali hii. Saa saba usiku, mvua inapiga bati, upo kitandani na unasikia kitu kama mtu anagonga geti. Inawezekana kuna mtu kweli, inawezekana ni bati lililolegea linapigwa na upepo, na masikio yako hayawezi kukupa jibu safi kwa sababu mlio wa geti umechanganyika na mlio wa mvua. Kwa hiyo ubongo unafanya kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kupima ule mlio una nguvu kiasi gani ukilinganisha na kelele za mvua. Ya pili ni kuweka mstari, kwamba mlio ukifika hapa naamka, usipofika nalala. Kama unamsubiri ndugu yako anayeingia na basi la usiku huo mstari unaushusha, kitu kidogo tu umeshainuka na tochi, na bila shaka utaamka mara mbili tatu bure. Kama humsubiri mtu unaupandisha, unalala vizuri, ila siku mtu akigonga kweli unaweza usimsikie. Masikio ni yaleyale, kilichobadilika ni mstari.

Hiyo ndiyo roho ya nadharia ya kutambua ishara. Chimbuko lake ni hesabu za rada, ambako mtu anayekodolea skrini alitakiwa aamue kale kanukta ni ndege ya adui au ni uchafu tu wa mawimbi, na mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Wilson Tanner na John Swets, wakaileta kwenye saikolojia ya kuona, na 1966 Swets na David Green wakaiandikia kitabu ambacho mpaka leo kinasomwa. Walichokifanya ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu tunavichanganya, ukali wa hisi na mahali pa mstari. Mtu anayesema "nimesikia" mara nyingi kuliko wewe sio lazima awe na masikio makali, inawezekana mstari wake uko chini tu, na utalijua hilo ukihesabu pia mara ngapi amesema amesikia wakati hakukuwa na kitu. Tunasahau sana kuhesabu hizo za pili.

Hamishia hili kwenye gwaride la utambulisho kituoni. Shahidi anaambiwa aangalie watu waliopangwa mstari mmoja aseme kama aliyemvamia yumo. Asipoambiwa wazi kwamba mhusika anaweza asiwemo kabisa, yeye atachukulia kwamba polisi wasingemwita bure, na mstari unashuka, anamchagua anayefanana zaidi na kumbukumbu yake hata kama hafanani vya kutosha. Hajadanganya hapo na macho yake hayana shida.

Hiyo inaeleza jibu limechaguliwaje, haijaeleza uhakika. Hapa naomba utumie ndoo mbili kuelewa. Ziweke chini ya mabomba mawili yanayodondosha maji, moja imeandikwa "ni yeye", nyingine "sio yeye". Kila sekunde unayoangalia, tone linaingia kwenye moja wapo, na kwa kuwa ushahidi una kelele kuna matone yanaingia ndoo isiyo yake. Ndoo ya kwanza kufika alama uliyoichora ndiyo inakuwa jibu lako. Modeli za aina hii zipo nyingi, ya Roger Ratcliff ya 1978 ndiyo imetumika sana, na yeye aliianzia kwenye kumbukumbu kwa kupima jinsi watu wanavyoamua kama neno lilikuwemo kwenye orodha waliyoisoma au halikuwemo (yeye hana ndoo mbili, ana mshale mmoja unaoyumba kati ya kuta mbili, lakini mantiki ni hiyohiyo ya kukusanya mpaka ufike kikomo). Ukishusha alama kwenye ndoo unaamua haraka na unakosea zaidi, ukiipandisha unachelewa na unakosea kidogo, ndio maana mtu anayekimbizwa kujibu anakosea vitu ambavyo akiachiwa sekunde mbili zaidi anapatia.

Na uhakika? Mwaka 1979 Douglas Vickers alikuja na wazo ambalo mimi naona ni zuri kupita yote kwenye eneo hili: ndoo moja ikishafika alama, angalia ile nyingine ina maji kiasi gani. Kama iko karibu tupu uhakika ni mkubwa, kama nayo ilikuwa imebakisha kidogo tu ijae uhakika ni mdogo, hata kama jibu ni lilelile. Kwa hiyo uhakika ni tofauti ya maji kwenye ndoo mbili. Hakuna kifaa kingine cha siri kichwani kinachojua ukweli na kukunong'oneza, kuna maji yaleyale yaliyotumika kuamua. Maji yakiwa mabovu, jibu na uhakika vyote vinaharibika kwa pamoja na wewe mwenyewe hutahisi chochote.

Kuna watu wataona hizi ni hadithi za kujenga tu kichwani. Lakini kazi za maabara ya mtafiti wa ubongo Michael Shadlen na wenzake kwa nyani zimeonyesha seli za ubongo zikifanya kitu kinachofanana sana na hicho. Nyani anaangalia skrini yenye vinukta vinavyocheza ovyo, baadhi vinaelekea kulia au kushoto, na anatakiwa ageuze macho kuelekea upande ambao vinukta vingi vinakwenda. Kuna eneo la ubongo upande wa nyuma juu ambako seli zinaongeza mdundo wa kurusha ishara zake kidogokidogo kadiri vinukta vinavyoendelea, vinukta vikiwa wazi mdundo unapanda haraka, vikiwa vimechanganyika unapanda polepole, na karibu na kiwango fulani nyani anaamua. Mwaka 2009 Roozbeh Kiani na Shadlen wakaongeza chaguo la tatu: baadhi ya raundi nyani aliruhusiwa kuacha kubahatisha na kuchukua zawadi ndogo ambayo lazima aipate. Nyani walilichukua chaguo hilo zaidi pale vinukta vilipokuwa vigumu au vilipoonyeshwa muda mfupi, na seli zilezile zilikuwa katikati, hazijaegemea sana upande wowote. Kwa maneno mengine mnyama asiyeongea anajua kwamba hajui vizuri, na anajua kutokana na ushahidi uleule anaoamulia.

Nirudi nyuma kidogo kwa wale wanaosema mwenye shaka ni mwongo. Mwaka 1884 Charles Peirce na mwanafunzi wake Joseph Jastrow, pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walikuwa wanapima mguso wa uzito kwenye kidole, wanaongeza au kupunguza uzito kidogo sana halafu anayepimwa aseme upi ulikuwa mzito, na aseme pia uhakika wake kuanzia 0 mpaka 3. Waliopimwa walikuwa wao wenyewe wawili, wakipeana zamu. Tofauti ikiwa kubwa uhakika ulipanda, hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni kwamba hata walipoweka 0, yaani "hapa nabahatisha tu sina ninachokihisi", walipatia zaidi ya ambavyo bahati peke yake ingewapa. Kwa hiyo jibu lenye shaka lina habari ndani yake, na mtu anayekuambia "sina hakika" amekupa kitu muhimu kuliko anayejikaza aonekane imara.

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba kitu kipo mbele ya macho. Maisha halisi ni tofauti, unaulizwa wiki mbili baadaye, miezi sita baadaye, na maji yanayojaza ndoo sasa yanatoka kwenye kumbukumbu. Na hapa kuna imani moja imekomaa sana kwa watu, kwamba kumbukumbu ni video iliyohifadhiwa mahali, ukitulia ukaitafuta utaikuta vilevile. Hapana. Kila unapokumbuka unajenga upya kwa vipande ulivyonavyo, na vipande vya baadaye vinaingia humo bila kubisha hodi.

Elizabeth Loftus na John Palmer waliliweka hili wazi mwaka 1974. Waliwaonyesha watu filamu za magari yanayogongana wakawauliza yalikuwa na spidi gani, swali ni lilelile ila kitenzi kinabadilishwa. Walioulizwa yalipo"bamizana" walitoa wastani wa maili 40.8 kwa saa, walioulizwa yalipo"gusana" wakatoa 31.8. Neno moja tu. Kwenye jaribio la pili wakawarudisha watu baada ya wiki moja wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwa walioulizwa kwa neno kali 16 kati ya 50 walisema ndiyo, kwa wale wa neno la kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Na kwenye filamu hiyo hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Hilo ni la kumbukumbu, lakini uhakika nao unaweza kumwagiwa maji kwa pembeni. Gary Wells na Amy Bradfield mwaka 1998 waliwaonyesha watu video ya kamera ya ulinzi yenye mtu mwenye bunduki, kisha wakawapa picha wamchague, ila mhusika hakuwemo kwenye picha hizo, kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Halafu baadhi wakaambiwa tu "vizuri, umemtambua mshukiwa". Hao walioambiwa hivyo, walipoulizwa, wakasema walikuwa na uhakika mkubwa tangu mwanzo, wakasema waliona sura vizuri, wakasema kumtambua kulikuwa rahisi. Sifa ya sekunde mbili ilibadilisha simulizi yao ya jinsi walivyoona. Ndio maana kumuuliza shahidi mahakamani "una uhakika?" na yeye akajibu "kabisa" hakukuambii kitu, hujui ni maji yaliyotoka kwenye tukio au yaliyoongezwa njiani.

Na njiani kunaweza kuwa kurefu. Julai 1984, mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo anaitwa Jennifer Thompson, miaka 22, alivamiwa usiku nyumbani kwake akabakwa. Wakati unyama ule unaendelea alijilazimisha kuikariri sura ya yule mtu, akijiambia nikitoka hapa mzima lazima akamatwe. Huwezi kupata shahidi mwenye nia njema kuliko huyo. Polisi wakampa picha sita, akaziangalia kwa dakika kadhaa, akachagua ya Ronald Cotton. Baadaye likafanyika gwaride la watu wenyewe, na Cotton peke yake ndiye aliyekuwemo kwenye picha na kwenye gwaride, yaani hata kama sura ya mvamizi ilikuwa imeanza kufifia sura ya Cotton ilikuwa mpya kichwani. Akasita, kisha akamchagua tena, na akaambiwa huyo ndiye yuleyule aliyemchagua kwenye picha. Alipofika mahakamani Januari 1985 hakuwa na chembe ya shaka, na Cotton akafungwa maisha.

Kesi iliposikilizwa upya, 1987, aliletwa mahakamani mtu mwingine, Bobby Poole, ambaye kulikuwa na habari gerezani kwamba ndiye aliyefanya. Jennifer akamwangalia akasema hajawahi kumuona. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vikaonyesha mhusika ni Poole, Cotton akatoka akiwa amekaa ndani zaidi ya miaka 10. Jennifer na Cotton baadaye walipatana mpaka wakaandika kitabu pamoja, na wote wawili wamezunguka sana wakitetea taratibu za utambulisho zibadilishwe. Ukiisoma kesi hiyo kwa jicho la ndoo unaona kila kitu: kusita kwa siku ya kwanza kulikuwa ndiyo taarifa ya kweli, ndoo zilikuwa karibu sawa, kisha kila hatua ya uchunguzi ikamimina maji kwenye ndoo moja.

Hapa sasa kuna watu wanakwenda upande wa pili, wanasema basi mashahidi wote hawana maana, tuwapuuze. Hilo nalo ni kosa na linaumiza waliotendewa ubaya. Mwaka 2017 John Wixted na huyohuyo Gary Wells walipitia tafiti nyingi wakaonyesha kwamba uhakika wa mara ya kwanza kabisa, ukichukuliwa palepale kwenye gwaride lililofanyika kwa haki, unakwenda sambamba na usahihi: shahidi mwenye uhakika mkubwa siku hiyo kwa kawaida amepatia, na mwenye uhakika mdogo anakosea sana. Gwaride la haki maana yake mshukiwa ni mmoja tu na wengine wanafanana naye vya kutosha asijitokeze peke yake, shahidi ameambiwa mhusika anaweza asiwemo, afisa anayeliendesha hajui mshukiwa ni nani ili asimpe ishara hata kwa bahati mbaya, na maneno ya shahidi kuhusu uhakika wake yanaandikwa palepale kabla hajaambiwa lolote. Ni vitu vya bei rahisi sana hivi, havihitaji maabara.

Mahakama za kwetu nazo zimeliona hili zamani kwa njia yao. Mwaka 1967, kwenye kesi ya Roria, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema hukumu inayosimama kwenye utambulisho peke yake haikosi kuleta wasiwasi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwenye kesi ya Waziri Amani ya 1980 ikasema ushahidi wa kumuona mtu usitumike mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uwe umeondolewa, na ikataja mambo ya kuuliza: shahidi alimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga au giza, na alikuwa anamjua kabla au hapana. Ukiyaangalia yote ni maswali ya kuhusu matone mangapi yaliingia kwenye ndoo. Binafsi ningependa swali moja liongezwe nguvu, kwamba ulisema nini mara ya kwanza na kwa uhakika gani, maana hilo ndilo linaloonyesha kama kuna mtu alimimina baadaye.

Lile swali la kumjua kabla nalo lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenzake waliwapa Waingereza picha 40 za sura wakawaambia wazipange, kila mtu na fungu lake. Picha zilikuwa za watu wawili tu mashuhuri wa Uholanzi, 20 kwa 20. Waingereza, ambao hawakuwajua, yule wa katikati alitengeneza kama mafungu saba au nane, akiamini anaangalia watu saba au nane tofauti. Waholanzi wakazipanga mafungu mawili bila shida. Sote tunajiona hodari wa kutambua sura kwa sababu kila siku tunawatambua watu tunaowajua, hata kwa mgongo, hata wakiwa wamenyoa, halafu tunachukua uhodari huo tunaupeleka kwa mgeni tuliyemuona sekunde tano kwenye giza la kichochoro.

Na siku hizi kuna jambo linalonitia hofu kweli, picha za washukiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Simu imeibwa asubuhi, mchana kuna picha ya kijana inazunguka "huyu ndiye, mkimuona mumkamate", aliyeibiwa anaipokea, anaikuza, anaiangalia usiku mzima. Kesho yake akimuona yule kijana sokoni atamtambua kweli, kwa uhakika wote, ila anaweza kuwa anamtambua wa kwenye picha. Hakuna atakayeweza kutenganisha tena, hata yeye mwenyewe, na watu waliomzunguka wakishasikia "ndiye huyu" hawasubiri gwaride wala polisi, mawe yanaanza. Kwa hiyo kama umeona tukio, andika kwenye simu yako ulichokiona na pale usipo na hakika andika huna hakika, weka na saa, kabla hujaongea na mashahidi wenzako na kabla hujafungua picha yoyote ya kwenye grupu.